Gari liko chini, tela liko juu

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini gari zima, injini inawaka, gia zinaingia, breki zinashika, libebwe ndani ya tela kutoka Tanga mpaka Dar. Jibu ni matuta bana. Ukishatoka mjini ukapita Kange, Pongwe, Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, kila penye shule, kila penye gulio, kila penye kituo cha basi kuna tuta, na kuna mengine sijui yalijengwa na mtu mwenye ugomvi na nani, unapanda na Noah ya abiria unasikia chini kunalia, sasa wewe una Toyota MR2 iliyoshushwa springi utapitaje? Utapita kwa kulia, na kila kilio ni egzosi au sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Gari ni la shemeji yangu. MR2 ya pili hiyo, wanaita SW20, zile Toyota walizotengeneza kuanzia 1989 mpaka 1999, viti viwili, injini ipo nyuma ya mgongo wako, siyo mbele wala siyo kwenye buti. Ana injini ya 3S-GE, ukoo mmoja na ile ya Altezza, kwa hiyo vipuri vya injini siyo kilio sana hapa kwetu, kilio ni bodi. Bampa la mbele likivunjika hulipati Tanga, Dar utazunguka sana, mwisho unaagiza Japani na kusubiri meli. Ndiyo maana mtu anakubali kulipia tela. Halafu na upepo wa bahari huu, gari lililokwanguliwa rangi kwa chini Tanga haliombi muda mrefu kuanza kutu.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, maana watu wakisema gari liko chini wanachanganya mambo mawili. Kuna chini ya paa na kuna chini ya tumbo. Ford GT40, gari la mashindano la miaka ya 1960, ile 40 kwenye jina ni kimo chake kwa inchi, yaani kama mita moja tu kutoka ardhini mpaka paani, mtu mzima anaegemea kiwiko juu ya paa. Lakini paa kuwa chini halikuzuii kuingia kwenye tela, tena linakusaidia. Kinachokuzuia ni tumbo, na siyo tumbo peke yake, ni tumbo pamoja na umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma. MR2 kutoka ekseli mpaka ekseli ni mita 2.4. La shem, baada ya kuishusha, tumbo limebaki sentimita 9 kutoka ardhini na mdomo wa bampa sentimita 10. Pakiti ya sigara ukiisimamisha pale chini inaingia kwa kujibana.

Sasa tela. Matela ya boksi ya kubebea magari hapa kwetu hayapo barabarani hivyo, gari likibebwa unaliona juu ya karia lile la wazi, au juu ya Fuso limefungwa kamba, vumbi lote lake na mawe ya malori yote yake. Huko Uingereza kuna kampuni kama Brian James wanatengeneza matela ya kufunika kwa ajili ya magari ya mashindano, mengine kitanda chake chote kinainama kama mizani, unapanda bila hata kusikia. Sisi tulichopata ni tela la mziki. Yaani tela la boksi lililochomelewa hapahapa Tanga kwa ajili ya kubeba spika na jenereta kwenye harusi na vigodoro, ekseli mbili, sakafu ya mbao, ukuta wa bati, na mlango wa nyuma unaofunguka kwa kushuka chini, ukilala unakuwa daraja la kusukumia spika. Limekaa vizuri tu, halivuji, ndani lina upana wa mita 2.05 na urefu wa kutosha. Tatizo spika haina bampa.

Sakafu ya tela nyuma iko sentimita 50 kutoka ardhini. Mlango ukilala una urefu wa mita 1.8. Shem alipoona mlango umelala akasema si hilo daraja hilo, tupandishe. Fundi wetu wa Makorora hakusema neno, akachukua simu, akafungua ile programu ya pimamaji, akailaza juu ya mlango. Nyuzi 16. Akamwonyesha. Shem akauliza sasa gari lake linaweza ngapi, na hapo ndipo kazi ilipoanzia, kwa sababu watu wengi hawajawahi kulipima gari lao, wanajua tu liko chini.

Kupima tumbo siyo uchawi. Gari likipita juu ya kona, tuseme pale mteremko wa rampu unapokutana na sakafu bapa ya tela, tairi za mbele zimeshafika juu na za nyuma bado ziko kwenye mteremko, kona inaingia katikati ya tumbo. Kwa gari lenye mita 2.4 kati ya ekseli na sentimita 9 za tumbo, kona ikizidi kama nyuzi 8 na nusu, tumbo linakaa juu yake. Likishakaa, tairi za nyuma zinapoteza uzito, na hiyo ni gari inayosukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo huendi mbele wala hurudi nyuma, umening'inia. Mbele nako, mdomo wa bampa umetangulia ekseli kwa karibu sentimita 88, ukiwa na sentimita 10 tu unagusa rampu ikiwa imezidi nyuzi 6 na kitu. Kwa hiyo una kona mbili, ya chini inayotaka bampa na ya juu inayotaka tumbo, na kila mtu anayekuja kuangalia anaangalia bampa. Bampa linaonekana, ndiyo maana. Tumbo halionekani, na ndiko kwenye mabomba.

Ushauri wa kwanza wa kila mtu ni mbao ndefu. Kijana mmoja mpita njia, sijui hata alikuwa anaenda wapi, akasema leteni mbao za futi 16 mambo yaishe. Siyo ushauri wa kijinga. Mlango wa mita 1.8 ukiungwa na mbao za mita 1.4 unapata mteremko wa mita 3.2, na nyuzi zinashuka kutoka 16 mpaka 9. Lakini 9 bado ni zaidi ya 8 na nusu. Ukitaka kushuka zaidi kwa mbao peke yake unahitaji mbao ndefu mno, zinabonyea katikati, zikibonyea mteremko unakuwa siyo ule uliopima, na ua wa nyumba yenyewe hauna nafasi hiyo, ukuta wa jirani uko pale.

Mimi nasema, na nitaendelea kusema, kabla hujarefusha rampu shusha mkia wa tela. Tela lina ekseli katikati, ukiinua mbele nyuma inashuka, haina mjadala. Pikapu ikishashika tela, tunairudisha tairi zake za nyuma zikapanda juu ya mbao nene zilizopangwa, kimo cha sentimita 15 hivi. Kichwa cha tela kikapanda pamoja nayo. Kutoka kichwani mpaka kwenye ekseli za tela ni kama mita 4, na kutoka ekseli mpaka mlango wa nyuma ni mita 2.2, kwa hiyo sentimita 15 za mbele zinakupa sentimita 8 za nyuma. Sakafu ikawa sentimita 42. Mteremko wa mita 3.2 ukawa nyuzi 7 na nusu.

Lakini utamu wenyewe siyo huo. Utamu ni kwamba sakafu ya tela sasa nayo imelala kwa mteremko uleule unaopanda kwenda mbele, nyuzi 2 na kidogo. Kona ya juu inayogombana na tumbo haihesabiwi kutoka ardhini, inahesabiwa kutoka rampu kwenda sakafu. Saba na nusu toa mbili na kidogo, unabaki na tano na kidogo. Tumbo linaweza nane na nusu. Hapo gari linapita na nafasi inabaki, na hukuongeza hata inchi moja ya mbao. Fundi alipolaza simu juu ya sakafu, kisha juu ya mlango, kisha akatoa, alicheka peke yake akasema kaka hii imeisha.

Kona ya chini ilibaki maana bampa linaweza 6 na nusu na rampu ni 7 na nusu. Hiyo ni rahisi kuliko zote, unalaza mbao bapa ya inchi 2 chini, mbele ya mwanzo wa rampu, moja kila upande. Tairi za mbele zikipanda pale pua inakuwa imeshainuka kabla haijaufikia mteremko, na kwa sababu pua iko mbele ya ekseli inainuka zaidi ya mbao yenyewe, karibu sentimita 7. Ukitaka hata hiyo mbao isiwe na ukingo mkali, ichonge ncha yake kwa panga. Nimeona watu wanakata bampa kwa kukosa kipande cha mbao cha mita moja.

Kuhusu mbao, Tanga mbao za mnazi zipo na bei yake haiumi, lakini siyo kila mbao ya mnazi ni mbao. Mnazi ugumu wake uko nje karibu na gome, ndani ni laini, ukipewa mbao iliyopasuliwa kutoka katikati ya shina imekaa kama keki, ukiipandisha gari inakatika bila kukuaga. Mzee mmoja muuza mbao alinionyesha, unaigonga msumari, ukiingia kwa urahisi iache. Tukachukua zile nyeusi nzito za pembeni. Na pale mwisho wa mlango unapoungana na mbao, mlango haulali chini tena, unaelea hewani sentimita 18, lazima uupe mto. Hapo tulipanga vipande vya mbao kwa kukatishana, hatukuweka tofali, maana tofali la saruji likipata uzito upande mmoja linapasuka ghafla. Tukaweka mto mwingine katikati ya mlango kwa sababu bawaba zake zilitengenezwa kwa spika siyo kwa gari la kilo 1,250, na fundi akaongeza vyuma viwili vya engo kwa chini, akavichomelea siku ya kwanza kabisa, bila hivyo mimi nisingekubali.

Hapa kuna jambo ambalo nikilitaja watu wananikatalia mpaka waone. Gari linapopanda mkia wa tela, uzito wote uko nyuma ya ekseli za tela. Kichwa cha tela kinataka kupanda juu, na kwa kuwa kimeshikwa na pikapu, kinainua pikapu nyuma. Hendibreki ya pikapu iko tairi za nyuma. Tairi za nyuma zikipunguziwa uzito hendibreki inakuwa pambo, na msafara mzima, pikapu, tela na gari juu yake, unaweza kuanza safari peke yake. Kwa hiyo kabari zinawekwa tairi za mbele za pikapu, siyo za nyuma, na kwenye tela pia, na chini ya pembe mbili za nyuma za tela unasimamisha jeki au magogo yaliyobana kabisa ili mkia usishuke zaidi. Na kamwe usipakie tela likiwa halijafungwa kwenye pikapu. Litasimama kama bembea gari likiwa juu, na sitaki kuelezea mwisho wake.

Kuliendesha au kulivuta? Vijana wanapenda kuliendesha, linapendeza kwenye video. Mimi nalivuta. Tairi za nyuma zikisukuma zinasukuma na mbao, mbao zinarudi nyuma, nimeona mbao ikiruka mpaka ukutani. Halafu kwa mwendo wa kobe kwenye mlima mfupi utacheza na klachi mpaka inuke. Na mwisho boksi limefungwa pande zote, moshi wa egzosi unajaa humo ndani na mtu wako yuko ndani anatafuta namna ya kutoka. Winchi haina haraka, tairi zinabingirika tu bila kusukuma mbao, na ukisema simama linasimama palepale.

Winchi ya kwanza tuliyoletewa ilitoka Deep Sea, kule soko la samaki, kwa jamaa anayevutia boti. Nzuri, nzito, ya mkono, lakini ile ni ya meno tu, haina breki. Kupandisha inapandisha. Kushusha sasa, unaachia lile jino, mzigo unavuta waya, na mpini unazunguka wenyewe kwa kasi, ukiwa umeinama pale ujue mkono au taya. Tukamrudishia na asante zake, tukatafuta ile yenye breki ndani, ambayo ukiacha kuzungusha inajishika yenyewe, kwenda na kurudi. Ikafungwa kwa nati kwenye chuma cha mbele cha tela, siyo kwenye mbao za sakafu. Juu ya waya tukatupia gunia zito lenye mchanga kidogo, ili ukikatika usirushe mkia wake usoni kwa mtu. Na hakuna anayesimama nyuma ya gari. Hata mwenye gari.

Shida nyingine ya Tanga ni watu. Mji wetu mtulivu, watu na baiskeli zao, lakini fungua mlango wa tela uone. Kila aliyepita akawa kamanda, njoo njoo njoo, kata kata, bado bado, kushoto shem, si kushoto ile kushoto yako. Fundi akatangaza kwamba atasikilizwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni dogo wake aliyelala chini. Dogo alitandika mkeka pembeni ya rampu, siyo chini ya gari, pembeni, akalaza shavu karibu na ardhi na kumulika kwa tochi ya simu. Kazi yake ni kusema nafasi iliyobaki kwa vidole.

Nikaanza kuzungusha. Shem alikuwa ndani anashika usukani na mguu juu ya breki, gia imetolewa. Tairi zikapanda mbao bapa, pua ikainuka, ikaupita mwanzo wa rampu, dogo anasema "vinne". Tukaendelea. Mbao zikalia, mlango ukalia, tairi za mbele zikavuka bawaba zikaingia ndani ya tela. Sasa tumbo linakuja. "Vitatu." Nazungusha jino kwa jino. "Vitatu bado." Egzosi ndiyo inayoshuka kuliko vyote, iko nyuma kidogo ya katikati. "Viwili." Hapo watu wote wakanyamaza, hata yule kamanda wa kushoto. "Viwili. Viwili. Kimoja na nusu." Shem kichwa nje ya dirisha anauliza vipi, fundi anamwambia we tulia tu shem. "Viwili." Likiwa limeshaanza kuongezeka ujue umevuka. Tairi za nyuma zikafika kwenye bawaba, zikaingia, tela likashuka springi zake na kutulia.

Kisha ikaja ya mlango. Gari lina upana wa mita 1.7, boksi mita 2.05, kila upande unabaki na sentimita 17 na kitu. Mlango wa gari hauwezi kufunguka mtu mzima akatoka, na gari likiwa chini hivi mlango wake unagonga hata lile boksi la kufunika tairi za tela. Wenzetu wanaojenga matela haya kwa makusudi wanaweka mlango mdogo ubavuni, sawa na mlango wa gari, unafungua vyote viwili unatoka kama bwana. Sisi tulikuwa na bahati ya namna yake, MR2 hii ina paa la vioo viwili vinavyotoka, kila kimoja juu ya kiti. Shem siyo mwembamba. Alitoa kioo, akasimama kwenye kiti bila viatu, akatoka kwa juu, akakaa kwenye paa, akateleza kwa nyuma juu ya kifuniko cha injini huku anataja majina ya watakatifu na ya mashehe kwa mpigo. Ningekuwa na nafasi nyingine ningempandisha dogo, mwembamba yule, dirishani anapita.

Tukaja kwenye balansi. Gari la kawaida injini mbele, ukiliingiza kwa pua uzito unaenda kichwani kwa tela, sawa. MR2 uzito wake mkubwa uko nyuma, unakaribia asilimia 60, ukiliegesha kama unavyoegesha gari la kawaida uzito unakaa nyuma ya ekseli za tela, na tela la namna hiyo likifika mwendo linaanza kutikisa mkia, na ukishaanza ukakanyaga breki kwa hofu linakuzungusha. Inatakiwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo ikae kwenye kichwa. Tulilisogeza mbele zaidi kwa winchi kidogo kidogo, huku tunaangalia nyuma ya pikapu inavyokaa, mpaka springi zake zikainama inavyotakiwa, halafu tukapiga mstari wa chaki sakafuni mbele ya tairi. Mstari huo upo mpaka leo, mwenye tela amekasirika kidogo.

Kufunga ni tairi, siyo bodi. Mkanda mmoja kila tairi, unapita juu ya mpira na kushika sakafuni mbele na nyuma, unabana kwa racheti. Ukifunga bodi, kila tuta springi za gari zinacheza, mkanda unalegea na kukaza, baadaye unafunguka au unapinda kitu. Ukifunga tairi, gari linaachwa liyumbe juu ya springi zake linavyotaka lakini tairi haziendi popote. Halafu gia ya kwanza, hendibreki, kabari za mbao zilizopigiliwa misumari mbele na nyuma ya tairi. Pikapu ikateremka kwenye mbao zake, tela likakaa sawa, mlango ukafungwa.

Njiani sina mengi. Muheza tulisimama kukaza mikanda, maana mkanda mpya lazima ulegee mwanzoni, tukanunua machungwa kama kila mtu anayepita pale, tukaendelea. Shem kila tuta alikuwa anageuka nyuma kuangalia tela utadhani anaona ndani. Matuta yaleyale yaliyomtesa sasa yanapitwa na tela lenye tumbo la nusu mita.

Kushusha kule Dar ni hayohayo kwa kurudi nyuma, pikapu juu ya mbao, magogo chini ya mkia, winchi yenye breki, dogo hayupo kwa hiyo nililala mimi. Tofauti moja tu, ukishusha kinachotangulia ni mkia wa gari, na egzosi ya MR2 imetokeza nyuma chini, kwa hiyo ile mbao bapa ya inchi 2 unaihitaji tena, na uihakikishe haijasogea kwa sababu safari hii huioni ukiwa kwenye winchi.

Fundi sasa anataka kulikata tela. Amemshawishi mwenye tela kwamba sakafu ya nyuma, kama mita moja na robo, ikatwe na kuinamishwa ishuke kidogo kuelekea mlangoni, hivyo ile kona moja ya juu igawanyike iwe kona mbili ndogo, na mlango mdogo uwekwe ubavuni upande wa dereva. Mwenye tela anauliza spika zitakaaje kwenye sakafu iliyoinama. Fundi anamwambia ataweka ubao wa kunyoosha siku za harusi. Bado wanabishana bei, na shem ameshaulizia tarehe ya kurudi.